Meya Hana Basi

Usiku wa Novemba 4 simu yangu haikulala. Mpwa wangu wa Kayole alinitumia sauti ikiwa saa kumi na mbili asubuhi ya huko: "Auntie! Tumeshinda! Mganda wetu ni meya wa New York! Sasa mabasi ni ya bure, si ndio? Nitumie tu ya ndege, hiyo ingine nitajipanga."

Niliisikiliza nikiwa kwenye basi la Bx18, nikielekea zamu ya usiku kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi. Nilikuwa nimelipa dola 2.90. Januari 4, 2026, siku tatu baada ya Zohran Mamdani kuapishwa, nauli ilipanda ikawa dola 3. Ndiyo, hiyo hiyo nauli aliyosema ataifuta.

Kabla hamjaniita mchawi, nieleze. Mimi ni Mdemokrati. Nilipata uraia 2019 na wiki iyo hiyo nikajisajili na chama, kwa sababu hapa jijini usipokuwa na chama huna mchujo, na mchujo wa Wademokrati ndio uchaguzi wenyewe, vile mnavyojua nyinyi kuhusu tiketi fulani kwenye ngome fulani. Nimegonga milango Bronx kwenye baridi ya kukausha mate. Juni nilimweka Mamdani wa kwanza kwenye karatasi yangu, na mtu ninayemwita Cuomo sikumweka popote. Kwa hivyo haya si maneno ya mpinzani. Ni ya mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani ndiye anayejua choo kinavuja wapi.

Mabasi ya New York si ya jiji la New York. Ni ya MTA, shirika la jimbo. Mwenyekiti wake anateuliwa na gavana, na bajeti yake inapikwa Albany, mji mdogo ulio karibu kilomita 240 kutoka kwangu. Meya anapendekeza wanachama wanne wa bodi, basi. Akitaka kufuta nauli, ni lazima apande gari moshi aende akaombe.

Na si nauli tu. Kutoza ushuru zaidi wanaopata zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, ile asilimia 2 aliyoahidi? Albany. Kuendelea kwa meya kuzisimamia shule za jiji? Ruhusa ya Albany, na ilitolewa hadi Juni 2026 tu. Hata kasi ya magari! Mwaka wa 2013 mtoto wa miaka 12 aligongwa na gari Brooklyn akafa. Ilichukua hadi 2024 kwa jimbo kulipa jiji idhini ya kupunguza kasi ya barabara zake lenyewe hadi maili 20 kwa saa. Miaka kumi na zaidi, wazazi wakienda na kurudi Albany na picha za watoto wao mikononi, ili jiji la watu milioni nane liruhusiwe kubadilisha namba kwenye kibao cha barabara.

Watu wa Nairobi hamhitaji kuelezwa hii. Februari 2020 mlimwona Sonko Ikulu akitia sahihi, na kazi kubwa za kaunti zikahamia serikali kuu, halafu jenerali akaletwa kuendesha jiji. Tofauti ni kwamba nyinyi angalau mlikuwa na Katiba ya 2010 ya kupeleka mahakamani. Huku jiji ni mtoto wa jimbo kisheria, na mzazi akisema lala, unalala.

Sasa hapa ndipo ninapoanza kukasirika, kwa sababu kila ninaposema hivi kwenye mkutano wa chama, kuna mtu anasimama na kutaja Trump. Trump amefanya mengi na nitamtukana siku yake. Lakini Albany si ya Trump. Gavana amekuwa Mdemokrati tangu Januari 2007. Seneti ya jimbo ni yetu tangu 2019. Bunge la jimbo ni letu tangu kabla sijazaliwa. Meya ni wetu, spika ni wetu, mwanasheria mkuu wa jimbo ni wetu. Mkiwa peke yenu mezani na nyama imekwisha, mnamuuliza nani?

Nirudi kwenye basi langu, maana hii ndiyo inaniuma. Septemba 2023 jimbo lilifanya jaribio: laini tano za basi, moja katika kila sehemu ya jiji, zikawa bure. Mamdani, wakati huo mbunge wa jimbo kutoka Astoria, alikuwa mmoja wa waliolipigania. Kwa Bronx walichagua Bx18. Basi langu! Karibu mwaka mzima sikulipa kitu. Piga hesabu: dola 5.80 kwenda na kurudi, siku tano, dola 29 kwa wiki. Kwa mwezi ni 116. Kwa mtu anayelipwa kwa saa kuwageuza wazee kitandani, hizo si pesa za kahawa. Ni viatu vya mtoto na za kumtumia mama.

Lakini kitu nilichokipenda zaidi hakikuwa pesa. Dereva aliacha kugombana na watu. Wale akina mama wenye vikapu vya magurudumu walianza kupanda basi kwa vituo viwili tu, kitu ambacho hakuna mtu angelipia. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepanda kila asubuhi nikitoka kazini, anazunguka laini yote, anarudi, anashuka palepale alipopandia. Nilimuuliza siku moja anaenda wapi. Akasema nyumba yake haina watu.

Agosti 2024 ikaisha. Bajeti ya jimbo haikuweka pesa za kuendelea. Hakukuwa na maandamano. Mashine ya nauli ikafunuliwa, tukaanza kulipa tena kama watu walioamshwa. Yule mzee sikumwona tena kwenye basi.

Nani aliliua? Hakuna Mrepublican hata mmoja wa kulaumu. Ni watu wenye herufi D kando ya majina yao, ambao mimi mwenyewe nimewapigia kura nikiwa na usingizi, kwa sababu kwenye karatasi walikuwa peke yao.

Na hawa wana historia. Kuanzia 2011 kulikuwa na kikundi cha maseneta wa jimbo waliochaguliwa kama Wademokrati, halafu wakifika Albany wanashirikiana na Republican. Walifika wanane. Walijiita Wademokrati Huru; nyumbani mngewaita jina lingine, mnao wengi. Kwa miaka hiyo yote sheria za kulinda wapangaji zikawa zinakwama kwenye Seneti, na wapiga kura wengi hawakujua sababu, maana kwenye mabango chama kilikuwa kile kile. Septemba 2018 watu walichoka. Wapangaji, walimu, vijana wa vyuo, walikwenda mlango kwa mlango kuelezea kitu kimoja tu: seneta wako anaitwa nani na anakaa na nani. Sita kati ya wale wanane wakaangushwa kwenye mchujo, kiongozi wao Jeff Klein wa Bronx akiwemo. Juni 2019, miezi sita baada ya Seneti mpya kuingia, sheria kali ya wapangaji ikapita. Miezi sita! Kitu kilichokuwa "hakiwezekani" miaka nenda miaka rudi.

Hiyo ndiyo stori ambayo ningependa mngesherehekea kule Kayole. Lakini haina sura nzuri ya kuweka kwenye stetasi.

Mamdani anayo sura. Amezaliwa Kampala 1991, baba yake ni Mahmood Mamdani ambaye wengine wenu mmesoma vitabu vyake chuoni, mama yake ni Mira Nair wa filamu, na jina lake la kati ni Kwame. Naelewa furaha. Na mimi nilitoa machozi, sitadanganya. Ila nina ugomvi naye pia. "Mabasi ya haraka na ya bure" ni maneno matamu, na kwenye bango hakukuwa na nafasi ya kuandika "gavana akikubali". Gavana Kathy Hochul alimuunga mkono Septemba, na wakati huo huo alikuwa akisema hataki kuongeza ushuru wa mapato. Huyu ndiye gavana ambaye Juni 2024 alisimamisha mpango wa kutoza magari yanayoingia katikati ya Manhattan, wiki chache kabla ya kuanza, baada ya miaka mitano ya maandalizi. Ada ilikuwa iwe dola 15. Ilipoanza Januari 2025 ilikuwa 9. Sasa fikiria huyo ndiye unayemwendea kuomba mabasi ya bure. Utatoka na kengele ya mlangoni.

Kuna kimoja ambacho meya anaweza bila kuomba mtu: kodi ya nyumba. Karibu nyumba milioni moja jijini zina kodi inayodhibitiwa, na bodi ya watu tisa ndiyo inayosema kila mwaka itapanda kiasi gani. Wote tisa huteuliwa na meya. Chini ya Eric Adams bodi ilipandisha kila mwaka: asilimia 3.25, kisha 3, kisha 2.75, kisha 3. Keja yangu ilikuwa dola 1,450 nikianza kuhesabu. Leo ni 1,632, na bomba la jikoni ni lile lile. Chini ya de Blasio bodi hiyo hiyo iliweka sifuri mara tatu, 2015, 2016 na 2020. Kwa hivyo inawezekana, na asipofanya, mimi nitakuwa wa kwanza kusimama nje ya ofisi yake na kibao. Hapo hatakuwa na Albany ya kusingizia.

Adams mwenyewe tulimpata vipi? Mchujo wa 2021, raundi ya mwisho, alimshinda Kathryn Garcia kwa kura 7,197. Katika jiji lenye zaidi ya Wademokrati milioni tatu waliosajiliwa, hao ni watu wa mitaa michache tu wangeamka. Mwaka wa 2025 mchujo ulivutia kidogo zaidi ya milioni moja na kila mtu akaimba rekodi. Mimi nasoma namba hiyo kutoka upande ule mwingine: milioni mbili walikaa nyumbani. Novemba wakatoka, ndiyo, kura zaidi ya milioni mbili, nyingi kuliko wakati wowote tangu 1969. Lakini Juni 2026 ulipangiwa mchujo mwingine, wa gavana na wa wabunge wote wa jimbo, maseneta 63 na wabunge 150. Hao ndio wenye basi. Niulize ni wangapi kwenye jengo langu wanajua tarehe.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni Mgambia, ana miaka 20 hapa, analipa ushuru wote ninaolipa mimi. Desemba 2021 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuwaruhusu watu kama yeye, wakazi halali wapatao 800,000, kupiga kura za jiji. Alinionyesha fomu kwenye simu, anacheka. Sheria haikutumika hata mara moja. Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikaifuta, kwamba katiba ya jimbo inasema raia tu. Baraza la jiji likanyamaza. Chama changu kinachojiita chama cha wahamiaji kingeweza kuanza safari ya kubadilisha katiba hiyo kesho asubuhi, kina kura. Sijasikia mtu akifungua mdomo.

Na kamati za chama za kaunti, hizo ndizo usizianze. Viti vingi viko wazi kwa sababu hakuna anayejua vipo, na walio juu wanapenda hivyo. Mimi nilipata changu kwa kukusanya sahihi za majirani kwenye ngazi. Mkutano wa kwanza niliokwenda, mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja kupanga viti.

Februari 14 ndiyo siku ya mwisho kwa mtu kubadilisha chama ili apige kura kwenye mchujo wa Juni. Siku ya wapendanao, bana, nani alikaa chini akachagua hiyo tarehe? Nina fomu 60 juu ya meza ya jikoni. Jumamosi ninaanza na ghorofa ya sita nikishuka.

Nilimweleza mpwa wangu haya yote kwa sauti ndefu ya dakika tisa. Alijibu kesho yake. "Auntie, kwani hata huko kuna MCA?"

Nikamwambia wako, 51, na wa kwangu ninayo namba yake ya ofisi. Wako anaitwa nani?

Sauti iliyofuata ilikuwa ya sekunde nne. Alitaka kujua kama huku theluji imeanza.