Ngazija Haijajificha, Ni Sisi Hatujauliza

Wacha nianze na kosa langu, ndio msiseme najifanya mwalimu.

Jioni yangu ya kwanza Moroni, niliingia vichochoro vya mji wa kale na simu mkononi. Pale uwanjani, wanapopaita bangwe, wazee walikuwa wamekaa kwenye baraza la mawe wakicheza bao. Nikapiga video bila hata salamu. Usiku nikaiposti na maneno haya: "Kisiwa cha siri ambacho hakuna anayekijua." Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti.

Kesho yake nilipita pale tena, kifua mbele, nikawaonyesha. Mzee mmoja aliyeishi Zanzibar ujanani akaisoma polepole, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kisafi, "Mwanangu, hakuna anayekijua? Na sisi tuliozaliwa hapa tunahesabiwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliifuta ile video, na kusema kweli iliniuma.

Sasa maoni yangu ni haya. Sisi wasee wa kontenti tumezoea kuita kila mahali "siri" au "hazina iliyofichika," na hilo neno linawafuta watu wanaoishi hapo. Kwa Ngazija ni aibu zaidi, maana hawa si wageni kwetu. Kiswahili kina jina la kisiwa hiki, na Wangazija wameishi Mombasa na Zanzibar vizazi kwa vizazi. Lugha yenyewe ni ndugu. Wao wakikushukuru wanasema "marahaba," lile lile neno tunalojibia shikamoo. Mimi nilikuwa najua mitaa ya Dubai na sijui hilo.

Kumbukeni hadithi ya gombesa. Mwaka wa 1938 samaki wa ajabu alivuliwa Afrika Kusini, wa jamii ambayo wanasayansi walidhani ilitoweka zamani za dinosaria. Wakamtafuta wa pili miaka 14, hadi 1952 alipopatikana Komoro. Kumbe wavuvi wa huko walikuwa wakimnasa mara moja moja, na jina walishampa. Dunia ilisema "tumegundua." Mvuvi aliulizwa mwishoni.

Na si ati nasema msiende. Nendeni! Msikiti wa Ijumaa wa zamani wa Moroni unatazama bandari, na sehemu yake ya kale ni ya 1427. Ikoni kuna jabali ambalo wenyeji watakusimulia kwamba wanawake walijirusha kutoka juu yake wasichukuliwe utumwa na wavamizi kutoka Madagaska. Ukisimama hapo na ujue hiyo habari, hutacheza dansi mbele ya kamera. Kaskazini kuna ziwa la chumvi ndani ya kreta, karibu kabisa na bahari. Na harufu ya langilangi, jameni, hiyo simu haiwezi kuirekodi.

Juu ya yote kuna Karthala, mita 2,361, na bado iko hai. Mwaka wa 1977 lava iliingia kijiji cha Singani. Mwaka wa 2005 majivu yalianguka hadi kwenye matangi ya maji ya watu. Hiyo ya matangi ndiyo ilinifungua macho. Mawe ya volkeno yanafyonza mvua, kwa hivyo kisiwa hakina mto wa kudumu. Familia nyingi zinategemea maji ya mvua waliyokinga. Mgeni akioga dakika 20 ndio atoe chumvi ya bahari kabla ya kupiga picha, ajue anamwaga mvua ya mtu.

Kuna watakaoniambia, "Bila video za kuvutia, watalii hawatakuja na majumba ya masultani yatazidi kubomoka." Ni kweli, kuta zingine zinaanguka na ukarabati unahitaji pesa. Lakini video yangu haikuleta hata franka moja kwa wale wazee. Pesa ilifika mtaani siku nilipomlipa kijana wa pale anitembeze, nikala kwa mama wa jirani, na nikataja kila mji kwa jina lake.

Siku ya mwisho nilirudi bangweni. Safari hii nilisalimia kwanza, nikakaa, nikafungwa bao mara tatu. Kisha nikaomba ruhusa ya kurekodi. Wawili walikubali, mmoja akakataa, na huyo hayumo kwenye video. Waliotazama hiyo ya pili ni wachache sana. Lakini yule mzee aliiangalia yote, akanirudishia simu, akasema "marahaba."

Kabla hujaandika "siri" safari ijayo, uliza kwanza: ni siri kwa nani?