Filme ya kufuta kumbukumbu: nani anapata faida?

Filme Eternal Sunshine of the Spotless Mind ya Mfaransa Michel Gondry ilitoka mwaka 2004. Walimu wa filozofia na wa maadili ya uganga wanaitumia kufundisha. Joel na Clementine walipendana, wakagombana, halafu kila mmoja akaenda kufutiwa kumbukumbu ya mwenzake.

Watu wengi wanafuata ile mapendo tu. Lakini somo kubwa liko kwa Mary, sekretere wa munganga. Mwishoni anagundua kama yeye pia alisha kufutwa: alikuwa na mapendo na patron wake, mwenye bibi na watoto, akakubali asahaulishwe. Tangu hapo anaingia kazini kila asubuhi bila kujua kitu, na patron anajua yote. Alikubali, ndiyo. Lakini mbele ya nani? Mbele ya patron. Mary anakamata mafaili, anatumia kila mgonjwa yake.

Si mambo ya sinema tu. Mwaka 2002, Roger Pitman na wenzake wa Boston walitoa matokeo ya jaribio la propranolol, dawa ya moyo na tension, kwa watu waliotoka kupatwa na mambo ya kutisha. Haifuti kumbukumbu, walitafuta kupunguza uchungu unaoshikamana nayo. Majaribio yaliyofuata hayakupatana. Mwaka 2003 baraza la maadili la rais wa Marekani likauliza: shahidi wa mauaji akipoozwa hivyo, ataona bado ubaya wa aliyoyaona?

Hapa Kivu swali hilo ni zito zaidi. Hukumu ya Kavumu ya Desemba 2017, juu ya ubakaji wa watoto wadogo, ilihitaji watu wanaokumbuka na wanaokubali kusema. Tena, mama asiyelala tangu miaka, nani atamwambia abebe uchungu wake juu ya tribunali? Kumpunguzia si kumfuta. Akilala vizuri, pengine njo atapata nguvu ya kusema. Hatari inaanza pale mwingine anapotaka asahau: mume, jamaa inayoogopa haya, ao mkosaji mwenyewe.

Sinema ya kuzunguka imeshafika vijijini na filme juu ya ubakaji. Ile ya Gondry inaweza kuongezwa, na kusimamishwa pale Joel anapobadili mawazo katikati ya kufutwa. Anapiga kelele kichwani, lakini mwili umelala, na wenye mashine wanakunywa pombe kando yake.