Anayeongeza Nguvu Aanze na Breki

Si ajabu siku hizi, katika miji kama Nairobi na Dar es Salaam, raia kuamshwa usiku wa manane na kishindo kama cha bunduki. Kumbe ni gari dogo la Kijapani linalopita barabarani, silensa yake imeng'olewa, na kijana aliyeshika usukani analipasua kwa makusudi ili asikike. Kesho yake, katika maofisi na katika vyumba vya walimu, hukumu hutolewa kwa sauti moja: vijana hawa ni wahuni, magari yao ni anasa, na dawa yao ni kuyakamata yote.

Hukumu hiyo inaeleweka, lakini inawachanganya watu wa namna mbili wasiofanana hata kidogo. Yuko mwenye gari la kasi anayelinunulia kelele kabla ya kulinunulia pedi za breki. Yuko na mwingine ambaye Jumamosi nzima hushinda chini ya gari lake akibadili oili, akipima unene wa diski na kuandika katika daftari kila alichokifanya. Wa kwanza ni hatari kwa maisha ya watu. Wa pili ana somo ambalo sisi tunaokabidhiwa mali ya umma tungefaidika nalo, laiti tungekubali kuketi na kumsikiliza.

GARI LENYEWE

Tuchukue mfano wa gari linalolaumiwa kuliko yote, yaani Subaru Impreza WRX. Gari hili lilitolewa Japani mwaka 1992. Injini yake ya lita 2 ina pistoni nne zilizolazwa, mbili upande huu na mbili upande ule, zikiendeana kama mabondia. Magurudumu yote manne husukuma. Juu ya hayo yote kuna tabochaja, kifaa kinachozungushwa na moshi utokao katika injini ili kiishindilie hewa zaidi. Kwa msaada wa kifaa hicho, injini ndogo hiyo ilitoa nguvu za farasi 240 tangu toleo lake la kwanza.

Magari haya hayakuja Afrika Mashariki kwa bahati. Japani, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Tena sheria ya Japani hulitaka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo ni wa gharama, na gharama hiyo ni moja ya sababu zinazowafanya wenye magari kule wayauze mapema. Hivyo gari lililolelewa chini ya jicho kali la mkaguzi huvuka bahari na kuangukia mikononi mwa mtu ambaye, kwa sehemu kubwa, atalitunza au kulitupa kwa hiari yake mwenyewe. Hapo ndipo tabia ya mtu inapopimwa.

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari makini hulifanya halionekani wala halisikiki. Hubadili mkanda wa taimingi. Mkanda huu wa mpira ndio unaoziamrisha vali zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, na katika injini hizi kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa katika kazi, pistoni huzigonga vali, na injini nzima huharibika kwa nukta chache. Kwa kuwa mita ya gari lililotumika huweza kurudishwa nyuma na wauzaji wasio waaminifu, mwenye busara haiulizi mita. Huanza upya: mkanda mpya, pampu mpya ya maji, oili mpya, na tarehe ya kazi hiyo daftarini.

La pili ni oili. Mhimili wa tabochaja huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachouzuia usisagike ni utando mwembamba wa oili ya injini. Oili ikiwa chafu au pungufu, mhimili huo hauna mtetezi. Kwa sababu hiyo wapenzi wa magari haya wengi hubadili oili kila kilomita 5,000 au kabla, nao hupima kiwango chake kila wiki kwa kile kijiti ambacho wengi wetu hatukumbuki mara ya mwisho tulikichomoa lini. Baada ya mwendo mkali hawazimi injini papo hapo. Huiacha ingurume polepole kidogo, ili oili iendelee kupita na kuipoza tabochaja isije ikaungulia ndani yake.

NGUVU HAINUNULIWI KWA KELELE

Sasa tumtazame yule ndugu mwingine. Amenunua gari hilo hilo. Mkanda haujui, oili haijui. Fedha yake ya kwanza anampa fundi wa bomba la moshi. Ya pili anampa mtu mwenye kompyuta ndogo anayemwahidi kuongeza msukumo wa tabochaja kwa nusu saa.

Hapana budi tueleze kinachotokea hapo. Hewa ikiongezwa katika injini, petroli nayo sharti iongezwe kwa kipimo, na cheche ya plagi ipangiwe wakati wake upya. Yasipofanyika hayo, mchanganyiko huwaka mapema na kwa fujo, na pistoni hupigwa kama nyundo ipigavyo fuawe. Zaidi ya hayo, magari mengi ya namna hii yaliyouzwa Japani yalitengenezwa yatumie petroli ya daraja la juu, ambayo kule kwa kawaida huuzwa ikiwa na okteni 100. Petroli ya vituo vyetu vingi haifiki hapo. Anayeongeza msukumo bila kuyapima mafuta aliyonayo anainunulia injini yake kifo, na mara nyingi hukilipia kwa mkopo.

Na ule mlio wa bunduki? Ni petroli isiyowaka ndani ya injini, ikatupwa nje na kulipukia katika bomba lenye moto. Hauongezi hata farasi mmoja. Unachoongeza ni joto linalozila vali na tabochaja. Waswahili walikwisha kusema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kubwa kuliko injini ni uhai wa watu. Walimu wa fizikia watatusaidia hapa, kwani nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi. Gari likitoka kilomita 50 kwa saa na kufikia 100, kazi ambayo breki zinatakiwa kuifanya haiwi mara mbili bali mara nne. Kazi hiyo hugeuka joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayaruhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na yakishakunywa maji kipimo kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halisimami. Chupa moja ya mafuta mapya kila baada ya miaka miwili ingezuia jambo hilo. Ni dereva gani kati yetu, wa gari la kasi au la kawaida, anayeweza kusema yake yalibadilishwa lini?

Magurudumu nayo husema kweli kwa yeyote anayejua kusoma. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne. 2319, kwa mfano, maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la nguvu za farasi 300 juu ya matairi yaliyokauka ni jeneza lenye rangi nzuri. Hali kadhalika anayekata springi kwa msumeno ili gari lake liiname hajaliboresha. Amezinyima shokomzoba nafasi ya kufanya kazi, na kwenye kona yenye mashimo atajua.

MFANO TULIO NAO NYUMBANI

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano wa mtu aliyeijua kazi hii. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope yaliyowashinda wengi waliokuja na magari mapya ya viwanda. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kenya na fundi makanika, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Huyu alikuwa mtu aliyezifahamu nati za gari lake kabla ya kuufahamu umaarufu. Hata Impreza yenyewe ilipoishinda Safari mwaka 1997, mikononi mwa Colin McRae, ushindi huo ulibebwa na mafundi waliolifungua na kulifunga gari kila liliposimama.

Tangu Safari iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021, vijana wengi wamejazana Naivasha kuyatazama magari yakiruka. Ni vema wakatazama pia kinachofanyika chini ya mahema ya mafundi.

JE, NI ANASA?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mchezo wa wenye nafasi, na kwamba nchi yenye shule zisizo na madawati haina haja ya kujishughulisha na magari ya kasi. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kubezwa. Mtumishi anayeipunguza karo ya watoto wake ili anunue tabochaja kubwa zaidi amepotea njia, na hakuna maneno ya kumtetea.

Lakini tujiulize jambo moja. Nyuma ya ofisi ngapi za umma kuna magari yaliyokaa juu ya mawe, nyasi zikiwa zimeota hadi dirishani, ambayo hayakuuawa na ajali wala na uzee? Yaliuawa na oili isiyobadilishwa, na rejeta iliyovuja mwezi mzima huku kila mmoja akisema kazi hiyo ni ya mwenzake. Gari la wagonjwa likilala kwa kukosa mkanda, mama mjamzito ndiye anayelipa. Basi la shule likikosa breki, wanaolipa ni watoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi katika jambo hili tumekuwa tukijenga kuta kwa fedha za wananchi.

Kijana anayelitunza gari la miaka 20 likaendelea kwenda kama jipya amekwisha kuishinda tabia hiyo. Anajua kwamba chombo hakifi siku kilipozimika, kilianza kufa siku kilipopuuzwa. Maarifa yake ni ya watu wote, hata kama alijifunza kwa kupenda mwendo.

LIFANYIKE NINI?

Kwanza, wenye magari haya wenyewe waweke utaratibu na kuulinda: matunzo kwanza, breki na matairi pili, shokomzoba tatu, na nguvu mwisho kabisa. Katika vyama na vikundi vyao, asiyeonyesha daftari la matunzo asishangiliwe kwa mlio wa bomba.

Pili, mashindano yaondoke barabarani. Kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi, Tanzania na Kenya, ni kilomita 50 kwa saa, na hakuna gari lililotengenezwa vizuri kiasi cha kumpa mtu ruhusa ya kukivunja mbele ya mama anayevuka na mtoto mgongoni. Lakini haitoshi kukataza. Halmashauri zenye viwanja vilivyo wazi zikae na vyama vya mashindano ya magari, zipange siku, zilete gari la wagonjwa na wakaguzi, na atakayetaka kujua gari lake linakwenda kasi gani akajulie huko.

Tatu, mafundi wetu wa Gerezani na wa Barabara ya Kirinyaga wasiachwe wajifunze kwa kubahatisha. Mikono yao ni hodari, lakini injini ya leo husomwa kwa kompyuta kabla ya kufunguliwa kwa spana. Vyuo vya ufundi, vikiwemo vile vya VETA ambayo imekuwapo tangu mwaka 1994, viwe na milango ya jioni kwa fundi mzoefu asiye na cheti. Na vipuri vya bandia, hasa pedi za breki, vihesabiwe kuwa silaha, kwa maana ndivyo vilivyo.

Mwisho, kila aliyekabidhiwa gari la umma aige jambo moja tu kwa vijana hawa anaowalaumu: daftari. Liandikwe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na jina la aliyekibadilisha. Asiyeweza kulionyesha daftari hilo siku gari lilipokufa aulizwe, kama tunavyomuuliza karani aliyepoteza fedha. Ufunguo wa gari ni dhamana kama ulivyo ufunguo wa sanduku la hazina.