Maziwa ya Ng'ombe Aliyechomwa Sindano Yasiuzwe

Ndugu mfugaji, ng'ombe wako akiugua kiwele, unafanya nini? Wengi wetu hununua dawa dukani na kumchoma sindano wenyewe. Siku ya pili uvimbe unapungua. Basi, sindano zinaachwa, na maziwa yanapelekwa sokoni. Mimi nasema jambo hili si haki.

Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu. Penisilini na dawa nyingine za namna hiyo huviua. Lakini vijidudu havifi vyote kwa siku moja. Vile vinyonge hufa kwanza. Ukiacha dawa mapema, vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Mwishowe dawa ile haiviwezi tena. Hivyo ndivyo vijidudu sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya hatari hii mwaka 1945. Alisema dawa ikitumiwa kidogo mno, vijidudu huizoea.

Vijidudu sugu havikai zizini tu. Huweza kupita katika maziwa mabichi. Hupita pia katika mtindi na jibini za maziwa yasiyochemshwa. Mtoto akinywa, anaweza kuugua. Akipelekwa zahanati anapewa dawa, lakini haimponyi.

Wengine husema, "Sisi tunachemsha." Kuchemsha ni vema, usiache kamwe. Moto huua vijidudu, hata vile sugu. Lakini moto hauondoi dawa yote iliyomo katika maziwa. Watengenezaji wa mtindi wanalijua jambo hili. Maziwa yenye dawa hayagandi vizuri, maana dawa huua hata vijidudu vyema vinavyoyagandisha.

Tufanye nini? Sasa tunajua kusoma. Tusome chupa ya dawa na karatasi yake. Pameandikwa kiasi cha dawa na idadi ya siku za kuchoma. Pameandikwa pia siku za kungoja kabla ya kutumia maziwa. Siku hizo si sawa kwa kila dawa. Kama maandishi ni ya lugha ngeni, mwulize bwana mifugo. Andika jibu lake katika daftari. Andika na tarehe ya sindano ya mwisho, kisha hesabu siku.

Najua maziwa ni fedha. Ni sabuni, ni chumvi, ni daftari za watoto. Kuyamwaga kunauma. Lakini anayenunua maziwa yako ni jirani yako. Dawa haionekani kwa macho. Yeye hawezi kujua kama ng'ombe amechomwa sindano. Wewe unajua. Ukinyamaza, umemuuzia hatari kwa fedha yake mwenyewe.

Kwa hiyo, maliza sindano zote ulizoagizwa. Maziwa ya siku za kungoja usiyauze, usiyanywe, wala usimpe ndama. Yamwage shimoni, mbali na kisima. Siku zikitimia, kamua na uuze bila wasiwasi.