Plagi Kwanza, Koili Baadaye

Kuna ugonjwa mmoja wa injini ambao kila mwenye pampu upande wa bara wa Mombasa anaujua. Injini huwaka vizuri asubuhi, halafu ikaanza kukohoa, ikakata, ikashika tena, ikakata. Maji bombani hutoka kwa kushtuka-shtuka kama mtu mwenye kwikwi. Mafundi wetu husema injini inamisi. Mkulima huivuta kamba mpaka bega likamwuma, na mwisho humwita fundi. Fundi huitazama, hutikisa kichwa, na mara nyingi hutoa hukumu moja: “Koili imekufa.”

Katika ukurasa huu twataka kusema waziwazi kwamba hukumu hiyo hutolewa upesi mno. Koili nyingi zinazotupwa Likoni, Kisauni na Changamwe hazijafa. Zimehukumiwa kwa kosa la plagi, au la waya, au hata la mafuta ya injini yaliyopungua. Na anayelipa faini ni mkulima.

Si jambo la mzaha. Mashamba ya skimu zetu si makubwa. Tazameni ardhi ya Waitiki kule Likoni, ekari 930, ambayo hati zake zilitolewa kwa wakazi Januari 2016: watu ni wengi, na kila mmoja ana kipande chake. Mwenye kipande kidogo hawezi kutegemea ukubwa wa shamba, hutegemea maji. Udongo wetu wa mchanga na matumbawe haushiki maji. Wakati wa Kaskazi, mche wa nyanya au bamia ukikosa maji siku mbili au tatu huinamisha kichwa, na mchicha ulioahidiwa mnunuzi wa Kongowea hugeuka chakula cha mbuzi. Basi injini isimame wiki nzima huku mkulima akitafuta fedha za koili ambayo hakuihitaji, amepoteza mara mbili.

Kazi ya koili na kazi ya plagi

Yafaa kila mkulima aelewe vitu hivi viwili, maana asiyejua hudanganywa kwa urahisi.

Koili ni nyaya mbili za shaba zilizozungushwa juu ya chuma. Mmoja ni mnene na una mizunguko michache. Wa pili ni mwembamba kama unywele na una mizunguko maelfu. Gurudumu la injini lina sumaku. Sumaku inapopita mbele ya koili, huamsha umeme mdogo katika waya mnene. Umeme huo ukikatwa ghafla, waya mwembamba hutoa umeme wenye nguvu ya maelfu ya volti. Plagi hupokea nguvu hiyo na kuirusha katika nafasi ndogo iliyo kwenye ncha yake. Hapo huruka cheche, na cheche huwasha petroli. Mtindo huu si mgeni: Gottlob Honold, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Bosch huko Ujerumani, aliutengeneza mwaka 1902.

Sasa pimeni wenyewe. Koili imefungwa ndani ya kifuniko chake, haiguswi na moto wala mafuta. Katika injini ndogo za siku hizi haina pointi za kusuguliwa kama zile za injini za zamani. Plagi nayo imekaa ndani ya tanuri, inachomwa na kupigwa mara maelfu kila dakika chache. Ni ipi itakayochoka kwanza? Jibu halihitaji mtu aliyesoma sana. Na tena, kwa kawaida bei ya koili ni mara kadhaa ya bei ya plagi. Kuanza na koili ni kama kubomoa ukuta kutafuta panya aliye chini ya kitanda.

Plagi husema

Plagi ikifunguliwa huonyesha hali ya injini, kama ulimi wa mgonjwa unavyomwonyesha mganga. Ngojeni injini ipoe, ondoeni vumbi pembeni ili lisiingie ndani, kisha fungueni kwa spana ya plagi na kutazama ncha.

Ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli ni nyingi kuliko hewa: tazameni filta ya hewa, huenda imeziba kwa vumbi. Ikiwa imelowa petroli, ama cheche haipatikani, ama mmevuta kamba mno hata injini ikajaa. Ikiwa na utelezi wa mafuta ya injini, ringi zimeanza kuchakaa, na hapo plagi mpya itasaidia siku chache tu. Ikiwa nyeupe na yenye vipele, injini inachemka kupita kiasi.

Masizi yana sababu nyingine pia, nayo ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Tabia hiyo ilienea hata Serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018, ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Petroli ya bei ya chini inayouzwa kwa chupa kando ya njia huenda ikawa ghali kuliko ile ya kituo cha mafuta.

Wazee waliotumia injini kabla ya mwaka 2006 watakumbuka kukwangua plagi mara kwa mara. Siku zile petroli ya Kenya ilikuwa na risasi, nayo iliganda juu ya plagi. Risasi iliondolewa, na uchafu wa namna ile ukaisha. Plagi ya sasa ikisafishwa kwa brashi laini yatosha. Iliyochakaa ncha au kupasuka kauri yake isikwanguliwe, itupwe.

Nafasi iliyo kati ya ncha ya katikati na ulimi wa pembeni nayo ipimwe. Kwa injini nyingi za pampu ni milimita 0.7 mpaka 0.8. Ikizidi, cheche hushindwa kuruka. Kinachopindwa ni ule ulimi wa pembeni tu. Wakati wa kurudisha, anzeni kukaza kwa vidole, mpaka plagi ikae. Kisha kwa spana, plagi mpya zungusheni nusu mzunguko; ya zamani, robo au chini ya hapo. Anayekaza kwa nguvu zote huharibu nyuzi za injini, na hasara yake ni kubwa kuliko koili.

Kabla ya kununua koili

Tuseme plagi ni mpya na injini bado inamisi au haiwaki kabisa. Hata hivyo ngojeni kwanza.

Tazameni kipimo cha mafuta ya injini. Injini nyingi za pampu zina kifaa kinachozima cheche mafuta yakipungua. Pampu iliyowekwa kwenye mteremko wa kisima huweza kuzimwa na kifaa hicho hicho. Ongezeni mafuta, iwekeni mahali tambarare, jaribuni tena.

Tazameni kofia ya plagi na waya wake. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hufanya kutu ya kijani juu ya shaba. Kofia iliyolegea au yenye kutu hukatisha umeme kama koili mbovu.

Tazameni waya wa swichi ya kuzimia. Ukichubuka na kugusa chuma, injini hudhani imezimwa.

Kisha pimeni cheche. Fungeni bomba la petroli, pangusa petroli yote iliyomwagika, ingizeni plagi katika kofia yake, na laza chuma chake juu ya mwili wa injini, mbali na tundu la plagi. Mmoja ashike kofia kwa koleo yenye mpini wa mpira, mwingine avute kamba, kivulini. Cheche nene ya buluu ni dalili ya koili nzima. Cheche ya njano na dhaifu, au kukosa cheche kabisa kwa plagi mpya, ndiyo shahada ya kwanza dhidi ya koili.

Kuna dalili nyingine ya koili mbovu: injini huwaka ikiwa baridi, hufa ikipata moto, na huwaka tena ikipoa. Lakini hata hapo legezeni kwanza kifuniko cha tangi. Tundu lake la hewa likiziba, petroli haishuki, na ugonjwa hufanana kabisa. Ikiwa kulegeza hakusaidii, na cheche haipo injini ikiwa moto, hapo koili imepata hukumu ya haki. Ibadilisheni, na fundi apime nafasi kati ya koili na gurudumu kama kitabu cha injini kisemavyo.

Wenye pikapu za kupeleka mboga sokoni wana njia rahisi zaidi, ikiwa kila silinda ina koili yake. Koili ya silinda inayomisi ihamishiwe silinda nyingine. Ugonjwa ukihama nayo, koili ni mbovu. Ukibaki palepale, koili haina kosa. Lakini msiendeshe gari linalomisi kwa muda mrefu, maana petroli isiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi kilicho katika ekzosi.

Mafundi wetu

Hatuandiki haya ili kuwatukana mafundi. Wengi ni watu hodari, nao wana hoja yao. Husema: mkulima wa Mtongwe au Shika Adabu akivuka feri kwenda kununua plagi, kisha arudi tena kununua koili, siku mbili zimepotea, heri avuke mara moja anunue vyote. Hoja hiyo ina maana kidogo, lakini dawa yake si kununua koili kwa kubahatisha. Dawa ni plagi mpya kuwamo shambani kabla injini haijaugua.

Twaomba basi jambo moja liwe desturi. Fundi akisema koili imekufa, mkulima aseme kwa heshima, “Fundi, nionyeshe cheche.” Na akibadilisha kitu, kile cha zamani kibaki kwa mwenye injini. Fundi mwaminifu hatakasirika; kazi yake itashuhudiwa na sifa yake itakua.

Na wauzaji nao. Bidhaa bandia ni ugonjwa uliofanya nchi itunge sheria maalumu mwaka 2008. Plagi bandia huwaka leo ikafa wiki ijayo, na ndiyo huifanya koili isingiziwe. Nunueni kwa mwenye duka anayetoa risiti, linganisheni namba ya plagi na ile ya kitabu cha injini, na tazameni kama ncha imekaa katikati na nyuzi zimekatwa safi.

Kaskazi moja, plagi moja

Vitabu vya injini za Honda za aina ya GX, ambazo nyingi za pampu zetu ni zizo au zimefuata mfano wake, husema plagi itazamwe kila saa 100 na ibadilishwe kila saa 300 au kila mwaka. Anayepiga maji saa tatu kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 33 hivi, na saa 300 kwa siku 100. Siku 100 ni kama Kaskazi nzima. Basi hesabu ni nyepesi: Kaskazi moja, plagi moja. Isingojwe kufa.

Taabu kubwa zaidi ni pampu ya kikundi. Pampu ya watu kumi mara nyingi haina mwenyewe siku ya kununua plagi, lakini ina wenyewe kumi siku ya zamu ya maji. Twashauri kila kikundi kiwe na sanduku moja lenye spana ya plagi, kipimo cha nafasi, brashi na plagi mbili mpya. Na pawe na daftari: nani ametumia pampu, kwa saa ngapi, na plagi iliingia tarehe gani. Kila mmoja achangie kwa saa zake. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari.

Sanduku hilo lisifungiwe kwa mwenyekiti peke yake. Katika mashamba mengi wanaoshika pampu alfajiri ni akina mama na vijana, nao ndio wafundishwe kusoma plagi kwanza. Twawaomba Bwana Shamba na Bibi Shamba, wanapoitisha siku za mafunzo, baada ya mbegu na mbolea wafungue na plagi moja mbele ya watu. Nusu saa yatosha.

Mkulima aliyepata hati ya ardhi yake asibaki mpangaji wa injini yake mwenyewe, akingoja mtu mwingine amwambie ni mzima au mgonjwa. Kabla Kaskazi haijaanza, fungueni plagi, itazameni, na mpya iwekwe tayari sandukuni.