Medusa wa London, Urania wa Unguja

Mwaka 1989 jumba la sanaa la mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, lilitundika picha tisa kubwa za wanawake weusi, kila moja ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Mpiga picha alikuwa Maud Sulter, mzaliwa wa Glasgow, damu ya Ghana na Scotland. Mkusanyiko huo aliuita Zabat, na kila mwanamke alipewa nafasi ya mmoja wa wale mabinti tisa wa Zeus ambao Wagiriki wa kale waliwakabidhi ushairi, historia, muziki, ngoma na elimu ya nyota. Huyo wa nyota, Urania, ana sura ambayo msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuidai kidogo. Ni Lubaina Himid, msanii aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kupelekwa Uingereza angali mchanga.

Siku hizi kamera za mkanda zimerudi mikononi mwa vijana. Wapo wanaotafuta kwa makusudi mikanda iliyokwisha muda wake, wanaopiga picha mbili juu ya fremu moja, wanaochezea dawa za kusafishia ili rangi ziharibike kwa namna ya kupendeza. Na mara nyingi anayejitokeza katikati ya michirizi hiyo ni mwanamke wa ngano za kale: Venus, Medusa, Persephone. Kazi nyingi za aina hiyo zinavutia macho. Shida ni kwamba zinaridhika na hapo. Venus aliyefunikwa ukungu ni yule yule wa sanamu za marumaru, mrembo asiye na la kusema, ila sasa haonekani vizuri.

Kinachomfanya mwanamke wa kale kuwa mtu mpya ni nani aliyekaa mbele ya kamera, ameitwaje, na alikuwa na sauti gani katika shughuli yenyewe. Dawa na mwanga husaidia, tena sana, lakini haviwezi kuibeba kazi hiyo peke yake. Wanawake watatu waliopiga picha Uingereza, kila mmoja katika zama zake, wanatosha kulionyesha hilo.

Wa kwanza ni Julia Margaret Cameron, aliyezaliwa Calcutta mwaka 1815. Kamera aliletewa kama zawadi na bintiye na mkwewe mwishoni mwa mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Wakati huo alikuwa akiishi kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Akawahamisha kuku kutoka banda lao, likawa studio, na ghala la makaa ya mawe likawa chumba cha giza. Upigaji picha wa enzi zile ulikuwa kazi ya mikono na pua. Kioo kilimwagiwa kolodioni yenye harufu kali, kikazamishwa kwenye maji ya madini ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi, kisha kikakimbizwa gizani kusafishwa kabla hakijakauka. Vidole na nguo viliingia madoa meusi yasiyotoka. Aliyekaa alitakiwa atulie kwa dakika kadhaa. Akitikisika kidogo tu, sura inayeyuka.

Wapiga picha wengine walipambana na matatizo hayo. Cameron aliyakaribisha. Alisogeza kamera mpaka uso ukajaza kioo, akaacha lenzi bila kulenga sawasawa, akachapa picha zenye vumbi, michirizi na alama za vidole. Mabwana wa chama cha wapiga picha cha London wakasema mama huyu hajui kazi. Jumba la makumbusho la South Kensington, ambalo leo ni Victoria and Albert, halikuwasikiliza: lilianza kuzikusanya picha zake mwaka 1865, na miaka mitatu baadaye likampa vyumba viwili avitumie kama studio.

Ipo picha moja inayostahili kutazamwa taratibu. Ni ya mwaka 1865 na inaitwa Sappho, jina la yule mshairi wa kike wa kisiwa cha Lesbos. Mwanamke ametazama pembeni, pua iliyonyooka, nywele nzito zimebanwa nyuma, gauni limetariziwa. Kioo chake kilivunjika. Cameron akachapa hivyo hivyo, ufa ukabaki kuwa sehemu ya picha. Huyo Sappho jina lake halisi ni Mary Hillier, na kazi yake ilikuwa utumishi wa ndani katika nyumba ya Cameron. Mtumishi huyo huyo alikaa mara nyingi kama Bikira Maria. Mwenzake, Mary Ryan, alikuwa binti wa ombaomba wa Kiayalandi aliyelelewa na Cameron. Kijana mmoja wa tabaka la juu, Henry Cotton, aliyekuwa akijiandaa kwa utumishi wa serikali ya India, alimwona kwenye maonyesho ya picha hizo London, na mwaka 1867 wakaoana.

Tafsiri mpya ya Sappho iko hapo, katika mikono ya mfanyakazi iliyopumzishwa kwa dakika chache ili mwenye mikono hiyo awe mshairi mkuu wa kale. Ule ufa unamsaidia, kwa sababu unamkumbusha mtazamaji kwamba hiki ni kioo kilichoshikwa na watu. Ufa huo huo juu ya uso wa binti wa lodi ungekuwa pambo tu.

Lakini Cameron alikuwa na mpaka wake. Mwaka 1875 familia ilihamia Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mumewe alikokuwa na mashamba ya kahawa. Huko aliwapiga picha wenyeji na wafanyakazi. Ustadi haukumtoka. Majina ndiyo yaliyotoka: picha mojawapo imeandikwa tu kuwa ni kundi la wakulima wa Kalutara. Mtumishi wa Kiingereza aliweza kuwa Sappho na bado akabaki Mary Hillier katika kumbukumbu. Mwanamke wa Kalutara hakupata la kwanza wala la pili.

Miongo kadhaa baadaye alikuja Yevonde, aliyejitangaza kibiashara kama Madame Yevonde. Alifungua studio yake London mwaka 1914, akiwa na umri wa miaka 21, baada ya kupita katika harakati za wanawake za kudai haki ya kupiga kura. Katika miaka ya 1930 wapiga picha wengi wa heshima waliiona rangi kuwa jambo la matangazo ya biashara. Yevonde akaivamia. Alitumia njia iliyoitwa Vivex: picha moja ilihitaji negativu tatu, kila moja kupitia kichujio chake cha rangi, halafu mafundi wa kiwanda cha Willesden wakazichapa buluu, nyekundu na njano moja juu ya nyingine mpaka zikakaa sawa. Yeye akaongeza vichujio vyake mbele ya taa na lenzi, ili ngozi na kivuli vitoke rangi ambazo macho hayajazizoea.

Machi 1935 matajiri wa London walifanya sherehe ya hisani katika hoteli ya Claridge's, wageni wakiwa wamevaa kama miungu ya Ugiriki na Roma. Yevonde akashika wazo hilo, akawaita mabibi hao studio mmoja mmoja. Medusa wake ana nyoka wa mpira kichwani na shingoni, midomo imeiva zambarau, macho yamekodolewa. Minerva, mungu wa hekima na vita, amevaa kofia ya chuma, kando yake kuna bundi aliyekaushwa, na mkononi ana bastola. Niobe, mama aliyewapoteza watoto wake wote, amekatwa karibu kabisa, uso na machozi tu. Machozi yenyewe ni gliserini, na inasemekana yaliwasha kweli kweli.

Hakuna aliyewahi kumcheza Medusa kwa furaha namna hiyo. Kuna kejeli, kuna akili, na ile bastola ya Minerva inasema mengi kuhusu Ulaya ya mwaka 1935. Hata hivyo, ukisoma vibandiko vya picha hizo unakutana na jambo la ajabu kwa mpiga picha aliyepigania haki za wanawake. Medusa ni Bibi Edward Mayer. Edward ni jina la mume. Desturi ya tabaka lile ilimfanya mwanamke awe na majina mawili ya kuazima, moja kutoka Ugiriki na jingine kutoka kwa bwana wake, huku lake mwenyewe likisukumwa pembeni.

Na Venus? Venus wa Yevonde ni Diana Mitford, aliyekuwa ameolewa katika familia ya Guinness. Oktoba 1936 mrembo huyo aliolewa tena, safari hii na Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza, nyumbani kwa Goebbels, waziri wa Hitler, mjini Berlin, na Hitler mwenyewe akiwa miongoni mwa wageni. Rangi zote za Vivex hazikuweza kuona hilo likija. Yevonde alibadilisha mwanga, vazi na mzaha. Watu waliokaa mbele ya kamera aliwaacha walewale ambao wachoraji wa Kiingereza walikuwa wakiwachora kama miungu tangu karne ya 18.

Kiwanda cha Vivex kilifungwa vita vilipoanza mwaka 1939, na Yevonde akarudi kwenye nyeusi na nyeupe. National Portrait Gallery ya London ilizipata negativu zake za rangi mwaka 2021, na ilipofungua tena milango yake Juni 2023 baada ya ukarabati, yeye ndiye aliyepewa maonyesho ya ufunguzi. Anastahili. Ila mashabiki wake wa leo wanaiga nyoka na vichujio, wakidhani siri iko huko.

Maud Sulter hakudhani hivyo. Mwaka 1985 alikuwa mmoja wa wasanii walioshiriki The Thin Black Line, maonyesho ya wanawake weusi na wa asili ya Asia yaliyoandaliwa na Himid katika taasisi ya ICA jijini London. Alijua vizuri kwamba watu wa aina yake walikuwa wakipewa ukumbi wa kupitia, na kuta kubwa zikibaki za wengine. Kwa hiyo katika Zabat alichukua kila alama ya ukubwa: fremu za dhahabu, vitambaa vizito, mkao wa picha za kifalme, na uchapaji wa Cibachrome, ambao hutoa weusi mzito na rangi zinazong'aa kama zimelowa. Kemia ya Cibachrome ilikuwa upande wake. Ngozi nyeusi, ambayo mikanda mingi ya rangi ya enzi hizo iliitendea hovyo, humo inapata kina.

Halafu akachagua watu. Alice Walker, mwandishi wa Marekani, amepewa vichekesho. Ysaye Barnwell wa kundi la waimbaji Sweet Honey in the Rock ni Polyhymnia. Mshairi Dorothea Smartt ni Clio, mlinzi wa historia. Hawa ni watu waliokuwa tayari wakifanya kazi ambayo ngano zinamsifia binti wa Zeus kwa kuisimamia tu. Na majina yao yameingizwa ndani ya jina la kila picha, sambamba na la Kigiriki.

Calliope, mkuu wa tisa hao, ni Sulter mwenyewe. Nyuma ya picha hiyo kuna kisa. Mwaka mmoja kabla alikuwa amekutana na picha ya mwanamke mweusi iliyopigwa na Nadar, mpiga picha maarufu wa Paris wa karne ya 19, yenye maelezo kwamba ni mwanamke asiyejulikana. Sulter aliamini kuwa ni Jeanne Duval, mwenzi wa mshairi Baudelaire kwa miaka mingi. Hakumwacha tena. Mwaka 2002 alijipiga picha kubwa za Polaroid akiwa Duval, safu aliyoiita Les Bijoux, miaka sita kabla hajafariki.

Yupo atakayesema sanaa si kitambulisho cha taifa, na kwamba Urania akishaitwa Lubaina amepungua uungu. Jibu liko ukutani: Urania hajapungua chochote. Himid naye aliendelea na kazi hiyo ya majina kwa njia yake. Mwaka 2004 alionyesha Naming the Money, sanamu bapa 100 za mbao zenye kimo cha mtu, za Waafrika waliopelekwa kutumikia majumba ya wakubwa wa Ulaya, kila mmoja akiwa na jina lake la nyumbani na lile alilobandikwa na bwana wake. Mwaka 2017 alitwaa tuzo ya sanaa ya Turner, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Hapa pwani suala hili si la mbali hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja na Mombasa zilichapa postikadi nyingi za wanawake wa Kiswahili, wamevaa kanga na vipini, wameegemea viti vya mapambo, kwa ajili ya wasafiri wa melini. Chini ya picha yaliandikwa maneno kama mrembo wa Kiswahili, na basi. Hao ndio Venus wetu wa kubandikwa, na nakala zao bado zinapamba kuta za hoteli. Msanii kijana anaweza kuzichukua leo, akazichana, akazimwagia dawa, akazipiga upya kwa mkanda, na bado mwanamke yule akabaki hana jina.

Kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe ilianzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na watu wa Unguja waliingia humo na studio nyingine kama hizo kwa hiari yao, wakalipa, wakachagua nguo na mkao, wakazipeleka picha nyumbani. Albamu za familia zimejaa kazi hizo, nyingine zikiwa na jina na tarehe nyuma. Mabibi kadhaa waliokaa mbele ya kamera hizo katika miaka ya 1950 na 1960 bado wapo. Wanaweza kuulizwa nani alichagua lile pazia, ule mkufu uliazimwa kwa nani, na kama wangependa kukaa tena, safari hii wakiwa nani.