Magurudumu Manne Juu ya Lami, na Mshahara wa Dereva

Yako maneno mawili yanenwayo maofisini juu ya motakaa zetu za safari, na yote mawili twayapinga. La kwanza ni la baadhi ya wakubwa wapandao kiti cha mbele: kwamba gari likitoka uani litiwe magurudumu manne, wala yasitolewe mpaka siku ya kurudi, kwa kuwa nguvu haijapata kumdhuru mtu. La pili ni la wale washikao hesabu ya vipuri: kwamba magurudumu manne yasiguswe ila gari limekwisha zama, tena kwa dakika chache tu, kwa kuwa muda mrefu huvunja mitambo. Maneno hayo yapingana kama mchana na usiku, walakini mwisho wake ni mmoja. Kitu kikivunjika, dereva huandikiwa barua.

Mtu atatuuliza, makarani wana habari gani na giaboksi? Twajibu kwamba barua ile ya dereva hupigwa chapa na karani, kitabu cha safari za gari hutunzwa na karani, na kitabu cha maelekezo kilichokuja na gari kutoka kiwandani aghalabu hulala katika kabati ya karani, kingali katika mfuko wake. Yeye asomaye waraka wa serikali wenye kurasa kumi hashindwi na kitabu kile.

Tazameni basi jinsi mambo yalivyo. Motakaa nyingi za kazi tulizo nazo, yaani Hardtop, Land Cruiser za mkonga na Hilux, kwa kawaida huvutwa na magurudumu mawili ya nyuma. Dereva akisogeza kile kirungu kidogo na kukiweka penye H4, giaboksi ya pili, ambayo mafundi huiita transfa, huunganisha propela ya mbele na ile ya nyuma zikawa kama kitu kimoja. Tangu hapo ekseli ya mbele na ya nyuma hazina budi kuzunguka sawasawa, upende usipende. Katika njia iliyonyoka hakuna ugomvi. Katika kona ugomvi huanza, kwa maana magurudumu ya mbele hukata kona kwa duara kubwa kuliko ya nyuma. Chukueni gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, mlizungushe duara kamili ambalo ekseli ya nyuma iko mita 10 kutoka katikati. Ekseli ya nyuma itakwenda mita 62.8, na ya mbele mita 65.6. Tofauti yapata mita 2.8, nayo ni zaidi ya mzunguko mzima wa gurudumu la Hardtop. Hesabu hii aweza kuifanya mtoto wa shule kwa penseli.

Sasa tofauti hiyo iende wapi? Penye matope, mchanga au kokoto huenda chini ya tairi. Gurudumu huteleza kidogo, mkazo ukaisha, hata dereva asijue kwamba ulikuwapo. Penye lami kavu tairi haiteleziki. Mkazo hurudi juu katika ekseli, ukapita katika difu na propela, ukatua ndani ya transfa, na kila kona huongeza wake. Dereva huona usukani umekuwa mzito, gari laburuta kama lililoshikwa breki, tairi zalia katika kona ndogo, na kile kirungu akikivuta hakitoki. Asiyefundishwa hukivuta kwa nguvu zote mbili. Aliyefundishwa husimama, akarudi nyuma mita chache kwa kunyoka, mkazo ukafunguka, kirungu kikatoka kwa vidole viwili.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba saa hazina hatia hapa. Gari lipitalo mbuga ya udongo mweusi wakati wa masika laweza kuwa katika H4 tangu alfajiri hata magharibi, siku tatu mfululizo, lisipate dhara lolote. Kazi hiyo ndiyo lililoundiwa. Gari lile lile likipandishwa milima ya Kitonga juu ya lami kavu, kona baada ya kona, laweza kuumia kabla halijafika juu. Anayetoa amri ya kupima dakika anapima kisichohusika. Ardhi iliyo chini ya tairi ndiyo ipimwayo.

Twajua amri ya wakubwa ilikotoka, nayo zamani ilikuwa na akili. Waliokwenda Lindi na Mtwara kwa barabara ya kusini katika miaka ile wanaukumbuka udongo wa Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na hata baada ya hapo kipande cha kutoka Ndundu mpaka Somanga kilikaa na matope yake miaka mingi. Katika njia ya namna ile dereva aliyetia magurudumu manne mapema alikuwa mwenye busara, na aliyengoja mpaka azame alilala porini. Leo lami imefika, lakini amri imebaki ile ile, kama mtu avaaye buti za mvua wakati wa kiangazi.

Wengine husema, mbona gari la mkubwa fulani huenda na magurudumu manne siku zote, wala halivunjiki? Husema kweli, ila hawatofautishi gari na gari. Range Rover ya mwaka 1970 iliundwa na difu ya tatu, iliyo katikati, ambayo kazi yake ni kuiacha propela ya mbele izunguke zaidi ya ile ya nyuma katika kona. Land Cruiser kubwa za namna ya 200, zilizotoka tangu 2007, zina difu hiyo pia. Gari la namna hiyo halina haja ya kutolewa magurudumu manne, wala halina namna ya kuyatoa. Lakini lina kidude cha kuifunga difu ya kati, na likisha kufungwa limekuwa sawa na Hardtop iliyo katika H4. Lami kavu italidhuru vile vile. Hata Land Rover za kwanza kabisa, zilizoonyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, zilivutwa na magurudumu yote wakati wote, nazo zilitiwa chombo maalum cha kuyaachia ya mbele yazunguke upesi kuliko mtambo. Wenye kuziunda walilijua shauri hili tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliochelewa.

Na wale wa hesabu ya vipuri, wakatazao kabisa, wasidhani wamepona. Kiwanda cha Toyota huagiza katika vitabu vyake kwamba gari liendeshwe katika magurudumu manne walau kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yafike katika mitambo ya mbele. Gari lililozuiliwa mwaka mzima hukauka, na siku ya matope kirungu hukataa kuingia. Hapo dereva ataulizwa kwa nini hakulitunza gari! Kilomita hizo 16 zifanywe katika njia ya vumbi, na ziandikwe kitabuni.

Kadhalika wasisahau tairi. Bohari hutoa tairi mbili mpya, zikafungwa nyuma, na mbele zikaachwa kuukuu. Ikiwa tairi moja ina nusu kipenyo cha sentimita 39 na nyingine 38, basi katika kila kilomita 100 ekseli mbili hizo zataka kuachana kwa kilomita 2 na nusu, hata njia ingekuwa imenyoka kama rula. Dereva hatoi tairi bohari. Hupokea apewayo na kutia saini.

Jambo jingine ni la uhai. Mkubwa adhaniye kwamba magurudumu manne husimamisha gari upesi amedanganyika. Huongeza nguvu ya kwenda. Kusimama ni kazi ya breki na tairi, na breki zilikuwa katika magurudumu yote manne tangu asubuhi. Tena juu ya lami kavu gari lililofungwa hukataa kukata kona, likataka kwenda mbele moja kwa moja. Mteremko si mahali pa kulijaribu hilo.

Tuje sasa kwenye barua. Katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji, transfa ya gari ilivunjika, na dereva mwenye utumishi wa miaka mingi akatakiwa aeleze kwa nini asilipe gharama kutoka mshahara wake. Kitabu cha safari kilionyesha kwamba njia yote ilikuwa lami. Kilionyesha pia jina la aliyekaa kiti cha mbele, naye ndiye aliyeamuru kirungu kitiwe H4 asubuhi na kukataza kisitolewe. Tairi mbili za nyuma zilikuwa mpya za juma lile. Hakuna fundi aliyeitwa kutazama kabla ya barua kuandikwa. Yule aliyeamuru hakuulizwa neno. Twauliza sisi: dereva angekataa amri ile, barua yake ingekuwa ya namna gani? Bila shaka ingekuwa ya ukaidi. Mtu aliyewekewa barua mbili, achague moja, hana kosa alilotenda. Ana bahati mbaya ya kukaa penye usukani.

Twataka mambo haya. Maelekezo ya kila gari yaandikwe kwa Kiswahili katika karatasi moja, yabandikwe mbele ya dereva, mahali ambapo mkubwa naye atayaona. Kitabu cha safari kiwe na nafasi ya kuandika magurudumu manne yalitiwa wapi, yalitolewa wapi, na kwa amri ya nani. Tairi zitolewe nne kwa pamoja, au zipangwe kwa kupimwa. Na senti yoyote isikatwe katika mshahara wa dereva kabla fundi hajaufungua mtambo na kuandika alichokiona, na nakala ikapewa dereva mwenyewe.

Karani aletewaye barua ya namna hiyo aipige chapa, maana ndiyo kazi yake, lakini aiambatanishe na ukurasa wa kitabu cha safari za siku ile, na hati ya kutolea tairi. Hakuna kanuni imkatazayo. Wanachama wenye nakala za barua za jinsi hiyo wazilete kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao, majina ya madereva yakiwa yamefunikwa.